Tulivyopaka Rangi Janti za Gari Letu Nyumbani



Wengi wenu mmezoea kutusoma (sisi, yaani huyu mwenye kuandika) tukizungumzia twahara, malezi na mitihani ya madrasa. Leo tunaandika juu ya janti za gari. Msicheke. Kuna jambo lilitupata katika kazi hiyo ndogo ambalo tumelinyamazia kwa muda mrefu, na kila tukikaa mbele ya wanafunzi wetu linaturudia. Basi tumeona ni bora tuliandike.

Sisi tunaishi Bujumbura, katika mtaa wa Buyenzi. Kwa asiyeujua, Buyenzi ni mtaa wa Waislamu na wa Kiswahili, na tena ni mtaa wa mafundi wa magari. Ukitoka msikitini asubuhi unasikia watoto wakisoma juzuu upande mmoja na nyundo zikigonga chuma upande wa pili. Mtoto wa kiume anayekulia hapa huyajua majina ya vipuri kabla hajamaliza shule ya msingi, upende usipende.

Gari letu ni Toyota Probox, lile gari ambalo Wajapani walianza kulitengeneza mwaka 2002 kwa ajili ya biashara ndogo ndogo za kupeleka mizigo. Usukani uko kulia, nasi Burundi tunaendesha upande wa kulia wa barabara, kwa hiyo kulipita lori mbele yako ni mpaka aliyekaa kushoto akuchungulizie. Gari lenyewe si la fahari. Limebeba mikeka, sufuria za walima, mifuko ya saruji na watoto wa madrasa. Kitu kimoja tu ndicho kilikuwa na sura ndani yake: janti nne za aluminiamu tulizozinunua zikiwa zimeshatumika (wenzetu wa Tanzania huziita rimu), rangi ya fedha iliyofifia, zimechubuka pembezoni.

Mwaka 2024 mnakumbuka ilivyokuwa habari ya mafuta mjini kwetu. Foleni zilizunguka mitaa, watu wakilala ndani ya magari yao. Gari letu lilikaa uani majuma kwa majuma, kuku wakalala chini yake. Mwezi wa saba shule zikafungwa, na kijana wetu, ambaye alikuwa na miaka 17, hakuwa na la kufanya ila kulizunguka lile gari. Jioni moja akatujia kwa adabu, akakaa chini, akasema:

"Baba, nina ombi. Nataka kupaka janti ukanda mwekundu pembezoni. Katikati zibaki rangi ya fedha. Ukanda tu, mwembamba, kama kidole hiki."

Tukamuuliza ukanda huo utaongeza nini. Gari litapunguza kula mafuta? Akasema hapana. Litakwenda vizuri zaidi? Akasema hapana. Tukamwambia, basi huo ni upuuzi, na fedha hazichezewi wakati kama huu. Tulikwishauliza bei: kopo moja la rangi ya kupuliza lilizidi ada ya mwezi ya wanafunzi wawili. Kijana akasema "Ndiyo, Baba," akainuka.

Mama watoto alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa. Akasema, "Maalim, kanzu yako ya Idi ina tarizi shingoni. Ile tarizi inazuia baridi?"

Tulitafuta jibu mpaka Isha. Tarizi ni uzi tu, na kanzu isiyo na tarizi inasitiri vilevile. Wala hatukuwahi kuiona tarizi ile kuwa ni israfu. Asubuhi tukampa kijana nusu ya fedha, nusu nyingine akatafuta mwenyewe kwa kuosha magari ya majirani, na tukaweka sharti moja, kwamba kazi tutaifanya pamoja. Tulisema hivyo ili tumsimamie asiharibu. Mtaona baadaye nani alihitaji kusimamiwa.

Kabla ya kununua chochote kijana alikwenda kwa fundi wetu, mzee ambaye amefanya kazi kando ya barabara ileile miaka mingi. Alirudi na maelekezo, ameyaandika kwenye daftari kama anavyoandika masomo ya fiqhi, yakiwa na namba. Tulifurahi kuyaona. Tulisoma matatu ya mwanzo, tukamrudishia daftari.

Tuseme kidogo namna kazi inavyokwenda, maana huenda kuna vijana wanaosoma hapa wenye hamu hiyo hiyo.

Kazi ya rangi kwa sehemu kubwa ni kazi ya kuosha. Kwenye janti kuna vumbi jeusi linalotoka kwenye breki, nalo hushika kama lami. Tuliyafungua magurudumu mojamoja, gari likiwa juu ya jeki na magogo yamewekwa chini kwa usalama, tukasugua kwa sabuni na mswaki wa zamani mara tatu. Kisha msasa wa maji namba 400, halafu 600, mpaka ule mng'ao wa zamani ukafa na pembe zikawa laini kwa kidole. Ukipaka rangi juu ya mng'ao haishiki, itabanduka kama ganda la yai. Kisha ukafuta kwa kitambaa chenye tina kuondoa mafuta yote, hata mafuta ya vidole vyako, na baada ya hapo hugusi tena kwa mkono mtupu.

Halafu kufunika. Tepu ya karatasi inazungushwa pale unapotaka rangi iishie, na magazeti yanafunika sehemu nyingine. Hapa ndipo mwalimu wa madrasa alipojifanya ana faida: tulikagua kila karatasi kabla haijatumika, isije ikawa na jina la Allah juu yake ikapulizwa rangi na kutupwa. Tuliyaondoa magazeti mawili na karatasi moja ya mtihani wetu wenyewe. Kati ya tairi na janti kijana alichomeka vipande vya maboksi ya sabuni alivyovikata kama karata, vikapandana kuzunguka duara lote, ili rangi isiguse mpira. Ilikuwa inapendeza hata kabla ya rangi.

Upulizaji wenyewe ni subira. Praima kwanza, nyepesi, mara mbili. Rangi nyepesi, mara tatu, na kati ya mara na mara unasubiri kama robo saa. Mwisho vanishi ya gari ili rangi isichubuke. Kopo liwe umbali wa shibiri moja na zaidi kidogo, mkono usisimame mahali pamoja, na ufanye nje penye hewa huku umefunga pua na mdomo, kwani moshi ule si mzuri kwa kifua. Kiangazi cha Bujumbura kina vumbi, na alasiri upepo wa ziwani hulileta lote uani kwako. Kwa hiyo tulifanya asubuhi, baada ya kumwagia ardhi maji.

Kulikuwa na tatizo la udhu pia. Rangi ya gari ikikauka juu ya kucha na ngozi inazuia maji kufika, na udhu haukamiliki mpaka iondoke. Siku ya kwanza tulikaa karibu nusu saa tukisugua vidole kwa mafuta ya taa, muadhini amekwisha nyamaza. Siku ya pili kijana akaleta glavu za hospitali kutoka kwa shangazi yake. Tulipaswa kulifikiria sisi, tunaofundisha mlango wa udhu kila mwaka.

Sasa tuje kwenye gurudumu la nne.

Matatu ya kwanza aliyafanya kijana, sisi tukishika tepu na kutoa maoni. Kwa siku tatu alifanya yote kwa mwendo uleule, bila haraka. Kabla ya kupuliza, kila mara alichukua vipande vya tambara, akavikunja na kuvikaza ndani ya yale matundu manne ya nati. Tulimuona. Hatukuuliza.

Siku ya nne, Ijumaa, habari zikaja kwamba kituo kimoja kitapata petroli, na Jumapili tulikuwa na safari ya Gitega kupeleka wanafunzi watatu kwenye mashindano ya kusoma Qur'ani. Kijana akaenda kupanga foleni tangu Alfajiri. Sisi tukabaki na gurudumu la nne, na tukasema moyoni, ukanda kama huu hata mtoto anaweza. Tulipuliza ukanda. Ulitoka vizuri, kusema kweli. Tukaona katikati ya janti, pale panapozunguka matundu ya nati, pamechubuka na pana aibu, na kopo bado lina rangi. Tukapuliza na pale. Tukapuliza ndani ya matundu. Ikachuruzika kidogo, tukaongeza ili isawazike.

Kijana alirudi kabla ya swala ya Ijumaa, kuona tu kazi imefikia wapi, kisha arudi foleni. Akaliangalia gurudumu. Akasema, "Baba, ndani ya matundu, fundi alisema..."

Tukamjibu, "Vitundu hivi vitafunikwa na nati. Nani atavitazama?"

"Si kutazama, Baba, ni kwamba..."

"Nyamaza. Nimeanza kuendesha gari kabla hujazaliwa."

Akanyamaza. Jumamosi jioni tulilifunga gurudumu lile, rangi ikiwa kavu juu na laini chini. Tulikaza nati kwa mikono yetu wenyewe, na tulizikaza kwa nguvu.

Barabara ya kutoka Bujumbura kwenda Gitega ni kama kilomita 100. Anayeijua anajua kwamba sehemu yake ya mwanzo ni ukuta. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita zisizofika 800 juu ya bahari, na ukifika Bugarama, kilomita zisizozidi 40 tu, umeshapanda hadi zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Ni kona juu ya kona, bonde upande mmoja. Waendesha baiskeli huning'inia nyuma ya malori kupanda, na wengine hushuka kwa kasi wakiwa wamepakia ndizi. Nyuma walikaa wanafunzi watatu, mdogo wao ana miaka tisa, wakirudia sura zao kwa sauti. Kijana alikaa mbele kushoto akituchunguliza barabara.

Baada ya saa hivi tukahisi usukani unatetemeka. Tukasema ni barabara. Kisha ikaja sauti, tak, tak, tak, ikienda na mwendo wa gurudumu. Watoto walikuwa wanasoma, sauti zao zikaifunika. Kijana akageuza kichwa, akatega sikio. Tulimuona kwa pembe ya jicho. Alifungua mdomo, akaufunga. Tuliendelea pengine mita mia tano, kona mbili. Ndipo akasema, kwa sauti ambayo hatujawahi kuisikia kwake:

"Baba, simamisha gari. Sasa hivi."

Tulisimama. Gurudumu la nyuma kushoto, lile letu, lilikuwa na nati tatu badala ya nne. Mbili kati ya hizo zilizunguka kwa vidole viwili. Ni moja tu iliyokuwa inashika, nayo si kwa nguvu. Upande ule ndio wa bondeni.

Hatukusema kitu. Tulikaa juu ya jiwe. Kijana aliwashusha watoto, akawaketisha mbali na barabara, akatoa jeki na spana, akafungua gurudumu. Ndani ya matundu rangi nyekundu ilikuwa imesagika, imekuwa kama ufizi. Akachukua kisu cha kumenyea machungwa, akaanza kukwangua.

Tulipokuwa tumekaa pale, jambo moja lilitujia kichwani halikutoka. Huyu kijana alipokuwa na miaka saba tulimfundisha, pamoja na darasa lote, kwamba imamu akikosea katika kisomo au akisahau, aliye nyuma yake anamkumbusha, hata kama imamu ni mzee na maamuma ni mtoto. Tulimpa mfano. Tulisimama mbele yao, tukakosea aya kwa makusudi, tukasubiri nani atathubutu. Yeye ndiye aliyethubutu. Tulimsifu siku ile mbele ya wenzake, tukampa tende. Miaka kumi baadaye alitaka kutukumbusha habari ya nati, tukamwambia nyamaza. Na ndani ya gari, sauti ile ilipoanza, alitafuta ruhusa ya kusema kwa mita mia tano, kwa sababu sisi ndio tuliomnyang'anya ruhusa hiyo.

Tulimwambia pale pale, akiwa amepiga magoti na kisu mkononi: "Nisamehe, mwanangu. Uliniambia, nikakunyamazisha."

Akasema, "Sikutaka kukukatiza, Baba," akaendelea kukwangua. Hakutuangalia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka, na tukajua kwamba na yeye alikuwa ameogopa tangu Jumamosi.

Gari dogo la abiria la madrasa nyingine lililokuwa linakwenda hukohuko lilisimama, wakajibana wakawachukua watoto wetu watatu. Walifika, walisoma, na mmoja wao alirudi na zawadi. Sisi tulikaza nati tatu kwenye chuma kitupu, tukageuza, tukashuka polepole mno, tukisimama kila baada ya muda kuzigusa.

Jumatatu tulikwenda kwa fundi. Aliiangalia janti, akauliza nani amepaka hii. Kijana akajibu upesi, "Tulifanya pamoja, mzee." Tukasema, "Ni mimi." Fundi hakucheka. Alitueleza taratibu, na sasa sisi tunawaeleza nyinyi, kwa sababu aliyoyasema yalikuwa kwenye daftari la kijana, namba tano, ambayo hatukufika kuisoma.

Nati ikikazwa, ile bolti huvutika kidogo sana, kama mpira, na mvuto huo ndio unaoibana janti kwenye kitovu cha gurudumu. Nati zetu zina ncha ya koni, nazo hukaa kwenye tundu lenye umbo hilohilo, chuma kwa chuma. Ukiweka rangi katikati, siku ya kwanza unahisi umekaza sana, lakini kilichokazwa ni rangi. Gari likitembea rangi inasagika, inakonda kwa kiasi cha unywele, na unywele huo unatosha kuumaliza mvuto wa bolti. Hapo nati inaanza kujifungua yenyewe. Ndivyo ilivyo pia kwa uso wa nyuma wa janti, unaogusana na kitovu. Pasiguswe na rangi. Diski na ngoma za breki hali kadhalika. Na gurudumu lolote lililofunguliwa, hata kama hakuna rangi, likazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100, nati zikikazwa kwa kupishana kama msalaba, si kwa kuzunguka. Kwa gari kama letu kipimo ni takriban Newton-mita 100, kwa mwenye spana ya kupimia. Asiye nayo amwendee mwenye nayo.

Jioni ile tulipita nyumba tatu za wazazi tukawaeleza kilichotokea, wote, bila kupunguza. Wawili walimshukuru Allah kwa salama, wakatukaribisha chai. Wa tatu alitusikiliza mpaka mwisho, akasema mwanawe hatapanda tena gari letu. Ana haki. Mtoto bado anakuja kusoma, kwa miguu, na baba yake hutusalimia vizuri msikitini. Gari hatulitaji.

Mama watoto tulimwambia wa mwisho. Yeye ndiye tuliyemwogopa zaidi.

Janti ya nne kijana aliikwangua yote kwa msasa, akaipaka upya peke yake, matambara yakiwa ndani ya matundu. Kopo la kwanza lilikuwa limekwisha, na tulilolipata sokoni lilikuwa la kiwanda kingine, kwa hiyo wekundu wake umeelekea kidogo kwenye rangi ya matofali. Kivulini hulioni. Gari likisimama juani mbele ya madrasa, watoto wanaliona mara moja, na wamekwisha lipa jina: gurudumu la Maalim. Spana inakaa chini ya kiti cha mbele kushoto, kiti chake yeye. Kabla ya safari sisi tunakaza, naye anapita nyuma yetu kuhakikisha, na wakati mwingine anasema, "Hii bado, Baba," nasi tunarudi kuikaza.